Upande Ambao Nyanya Yako Hakuuona

Nyansiongo
Alhamisi, alasiri

Moraa mwanangu,

Sina haja ya kukuuliza hali. Umetoka hapa asubuhi ya leo ukiwa mzima, ukibishana na mama yako kama sanduku litanunuliwa Keroka au Kisii, na nadhani saa hii mko sokoni mnalifungua na kulifunga kujaribu kufuli. Mimi nimebaki na ng'ombe na kalamu. Nikikuambia haya kwa mdomo nitayakatiza katikati, najijua. Nikiyasema kwa Ekegusii nitageuka mzee wa nyumba, na mzee wa nyumba hana makosa. Kiswahili ndicho ninachoandikia barua za chama cha maziwa, na katika barua zile nimezoea kusema jambo lilivyo: maziwa ya fulani yalikuwa na maji, basi.

Mambo ya kula, kulala, kanisa na marafiki sitayagusa. Mama yako atakuambia hayo njia nzima hadi kwenye basi, na shangazi zako watayarudia. Mimi nataka kukueleza jambo lililotokea ulipokuwa na miaka sita, kwa sababu unakwenda Nakuru kusomea uuguzi, na kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwamo ndani yake. Unakumbuka kwamba nyanya yako alipoteza maneno. Hujui ni kwa nini mama yako hakuwapo nyumbani miezi ile. Uliambiwa alikwenda Nyacheki kumuuguza mama yake. Si kweli. Mama yake alikuwa mzima. Mimi ndiye niliyemwacha aende.

Nyanya yako Kwamboka alikuwa mtu wa maneno. Ni vigumu kukueleza wewe, kwa maana miaka uliyomjua vizuri ni ile ya ukimya. Tulipokuwa tukiishi karibu na Nyakoe aliuza ndizi siku za soko, na wanawake wenzake walingoja kwanza aketi ndipo watandike magunia yao karibu naye, kwa sababu wanunuzi walifuata mdomo wake. Alikuwa anaweza kumsema mtu mpaka yule mtu acheke. Baba yetu alikufa mimi nikiwa mdogo, naye akatulea, mimi na kaka yangu Mogaka, kwa jembe na kwa mdomo huo. Ardhi hii tunayolima leo, wakati ilipokuwa ya mzungu, aliwahi kuchuma pareto humu misimu mitatu. Mashamba yalipogawanywa nami nikapata kipande changu, alikataa kubaki Nyakoe na Mogaka. Alisema anataka kulala juu ya ardhi aliyoitolea jasho, safari hii bila kuamshwa na mtu.

Alikupenda kupita kiasi. Hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi. Mama yako alitaka uanze shule Januari ile. Nyanya yako alitaka ungoje mwaka mmoja, ukae naye, umchotee maji, mzungumze. Siku moja wakasemezana uani, na mama yako, ambaye si mtu wa kupiga kelele, akapaza sauti: "Mama, mtoto huyu si fimbo yako ya kutembelea!" Majirani walisikia hadi kando ya mto. Ilipita kama maneno ya nyumbani yanavyopita. Jioni walikuwa wakipukuchua mahindi pamoja.

Juma lililofuata, Jumatatu asubuhi, nyanya yako alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga za chinsaga. Mama yako akampa kikombe cha chai. Kikombe kikaanguka. Nilikuwa zizini, nikasikia mama yako akiniita kwa sauti ambayo sikuijua. Nilipofika, mdomo wa mama yangu ulikuwa umeshuka upande mmoja na mkono wake wa kulia unaning'inia kama wa mtu aliyelala. Nikamuuliza, "Mama, umeumia?"

Akanitazama vizuri kabisa. Akasema, "Bado."

Nikamuuliza anaumwa wapi. "Bado." Nikamuuliza kama ananijua. "Bado, bado, bado," haraka haraka, na uso wake ukashangaa, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta wageni wameketi.

Sikumpeleka hospitali. Andika hilo moyoni mwako kabla ya mengine. Niliona mguu unaweza kukanyaga akishikiliwa, nikaona anameza, nikasema ni uchovu, ni baridi, itapita. Nikatuma mtu Nyakoe amwite Mogaka.

Mogaka alinizidi miaka minane. Tangu baba afe yeye ndiye alikuwa baba, na mimi sikuwa nimewahi kumpinga hata kwa jambo la kuku. Alikuja, akaketi mbele ya mama, akamsalimu. "Bado," mama akamjibu. Akamuuliza habari ya usiku. "Bado." Mogaka akasimama polepole.

"Mama haongei Kiswahili," akaniambia. "Miaka yote hii umemsikia akiongea Kiswahili nyumbani?"

"Hapana."

"Basi anayeongea humo ndani ni nani?"

Na siku ile ile mchana likatokea jambo la pili. Mama yako alimpakulia chakula kama alivyompakulia siku zote: ugali wa wimbi upande mmoja wa sahani, mboga upande wa pili. Nyanya yako, kwa mkono wake wa kushoto, akala ugali wote. Mboga hakuzigusa. Jioni vilevile. Kesho yake vilevile. Mogaka alikuwa akitazama. Siku ya tatu akanivuta nyuma ya ghala.

"Ugali anakula. Mboga za mkeo hataki hata kuziangalia. Mtu aliyelishwa kitu anajua alilishwa katika nini."

"Kaka, Kerubo hawezi."

"Nani alimpa chai? Nani aligombana naye, wiki moja tu imepita? Au majirani wote ni waongo?"

Moraa, mimi ni Msabato tangu ubatizo. Nilikuwa nikifundisha watoto wa kanisa kwamba hakuna mchawi mwenye nguvu mbele za Mungu, na niliamini nilichofundisha. Lakini mambo matatu yalikuwa mbele yangu yakifuatana kama shanga: ugomvi, chai, mboga. Yalifuatana vizuri mno. Baadaye nimejifunza kwamba kichwa cha mtu kinapenda sana mambo yanayofuatana, na kikishapewa uzi wa kuyafunga hakiulizi uzi umetoka wapi.

Mama yako alikuwa ametusikia. Aliingia ndani, akasubiri Mogaka aende kunawa, kisha akaja akasimama mbele yangu na ndugu yako mdogo mgongoni. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu.

"Baba Moraa, na wewe unaamini?"

Nilikuwa na majibu mawili mepesi. Ningesema hapana, Mogaka akasirike, basi. Hata ningesema ndiyo, angalau angejua ameolewa na mtu wa namna gani. Nikasema, "Sijui."

Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea ujumbe wa mtu mwingine. Akakunja nguo zake. Alitaka kuondoka nawe, na Mogaka akasema wewe ni mtoto wa ukoo huu, mama yako ataondoka na yule anayenyonya tu. Nikanyamaza tena. Ulimfuata hadi kwenye lango ukishika leso yake, nayo ikabaki mkononi mwako. Ukarudi nayo. Nilikuona. Nilikwenda kukamua ng'ombe.

Wiki saba tuliishi hivyo. Unajua desturi zetu, mwanamume hawezi kumwosha mama yake, kwa hiyo mjane wa jirani alikuja asubuhi kumwosha na kumbadilisha nguo, na mengine yote ulifanya wewe. Mtoto wa miaka sita. Ulimletea maji, ulimfunika, ulimfukuzia nzi. Mimi nilipeleka maziwa, nilirudi, niliketi mbele yake na kungoja maneno. Kila siku nilimtazama mdomo. Nilikuwa nikijiambia, leo atasema. Akisema "bado" nilifumba macho. Baada ya muda nikaacha kumsalimu.

Mogaka alikuja kila Jumapili. Tuliketi karibu na moto, mama yetu akiwa hapo hapo kwenye ngozi yake, na tukaongea kuhusu mahali pa kumzika, hapa au Nyakoe, na kama Kerubo arudishwe au nitafutiwe mwingine. Tulisema hayo yote kwa Ekegusii, kwa sauti ya kawaida, kama mnavyoongea mbele ya ng'ombe. Siku moja machozi yakamtoka. Nikamwonyesha Mogaka. Akasema, "Huo ni mwili unatoa maji tu." Nikakubali.

Pia alikuwa na tabia nyingine. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukinyooka kuelekea ukutani ambako ulikuwa umeitundika ile leso ya mama yako. Aliunyoosha, akaurudisha kifuani, akaunyoosha tena. Nikadhani anasikia baridi. Nikamletea blanketi. Akalitupa chini. Nikaudhika.

Sasa sikiliza ulivyofanya. Siku hiyo nilirudi mapema kwa sababu gari la maziwa liliharibika. Nikakukuta umeketi na nyanya yako, sahani katikati yenu, ugali umekwisha, mboga zimebaki kama kawaida. Nikakuona unaishika sahani na kuizungusha nusu duara, ukamwambia, "Magokoro, nyingine hizi hapa." Naye akazitazama mboga kama zimeletwa sasa hivi, akazila zote mpaka akakwangua sahani.

Nilisimama mlangoni nikiwa na debe tupu.

"Moraa, nani alikufundisha kufanya hivyo?"

"Hakuna. Upande ule haoni, Tata."

"Macho yake mazima."

"Haoni," ukasema, bila kuinua kichwa. "Nikikaa huku ananitafuta. Nikikaa kule ananichekea."

Ulikuwa umejua tangu lini? Nilikuuliza, ukasema tangu mcheze mchezo wa mawe. Mawe yaliyokwenda upande mmoja aliyaokota, yaliyokwenda upande wa pili aliyaacha, na wewe ulipoyaona yanaachwa ulifurahi kwanza kwamba unamshinda, kisha ukaona si haki, ukaanza kuyaweka yote upande mmoja. Wiki nyingi ulikuwa ukizungusha sahani ile mchana nisipokuwapo. Jioni nilipokuwapo hukuthubutu, kwa sababu nilikuwa nimekukataza kuchezea chakula.

Nikamjaribu mwenyewe. Nikasimama upande wake wa kulia na kitambaa chekundu, nikakipunga. Hakuna kitu, anatazama moto. Nikazunguka mbele yake hadi kushoto. Mara tu kitambaa kilipopita katikati ya uso wake aligeuka, akanitazama, kisha akatazama kitambaa, na Moraa, alinitazama kama mtu anayetazama mjinga. Uso ule niliujua. Ulikuwa uso wake wa sokoni.

Nikachuchumaa pale pale upande wa kushoto. Nikamwambia polepole, "Mama, unanisikia?"

"Bado," akasema, kwa upole.

"Unaelewa ninachosema?"

"Bado." Upole ule ule, na kichwa kikainama.

"Kerubo alikudhuru?"

"BADO!" Akapiga ardhi kwa kiganja. "Bado! Bado! Bado!" Nikasikia, kwa mara ya kwanza katika wiki saba, kwamba neno lile moja lilikuwa na nyimbo nyingi. Lilikuwa ndiyo. Lilikuwa hapana. Lilikuwa njoo, lilikuwa toka hapa, lilikuwa mwanangu umekuwa mpumbavu lini. Akaunyoosha mkono ukutani kwenye leso. Nikaitungua nikampa. Akaiweka mapajani, akailaza vizuri kwa mkono mmoja, akanionyesha lango.

Sabato hiyo watu wa kanisa walikuja kumwombea. Walipoimba, akaimba. Si kunung'unika, Moraa, aliimba beti zote kwa Ekegusii, kila neno mahali pake, kwa sauti yake ya zamani. Wimbo ulipoisha mzee mmoja akamwambia, "Bwana asifiwe, mama umepona!" Akafungua mdomo kumjibu. "Bado," akasema, na akalia. Mogaka alikuwapo, safari hiyo amekuja siku moja mapema. Alinong'ona kwamba sasa ni dhahiri kuna wawili ndani. Nikamwambia, "Kaka, kesho nampeleka hospitali." Akasema nimepotea. Nikasema, "Huenda. Lakini nampeleka." Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu na hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Katika hospitali ya Kisii, nilikompeleka pamoja nawe, tulimpata daktari kijana, mtu wa Bungoma, mwenye Kiswahili kizuri kuliko chetu. Alimpima, akampitishia kalamu mbele ya uso kutoka kulia hadi kushoto, akamwambia afumbe macho, ashike sikio, na nyanya yako akafanya yote. Kisha akanieleza, na ninakuandikia kama nilivyoelewa, wewe utanisahihisha baada ya mwaka mmoja huko Nakuru.

Alisema mshipa wa damu umeziba ndani ya kichwa, upande wa kushoto, kwa sababu ya presha. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kulia, na wa kulia unaendesha wa kushoto, vimepishana. Alisema jicho ni mlango tu, anayeona yuko ndani, huku nyuma, na akanishika kisogo. "Macho ya mama yako yanaleta kila kitu. Lakini chumba kinachopokea habari za upande wa kulia kimezimika. Si giza analoona upande huo. Haoni hata kwamba haoni." Ndiyo maana hakuomba mboga. Kwake sahani ilikuwa imekwisha.

"Na maneno?"

"Kwa watu wengi maneno yanatengenezwa upande huo huo wa kushoto. Kuyatoa ni kazi ya sehemu moja, kuyaelewa ni kazi ya sehemu nyingine. Ya kutoa imeumia sana. Ya kuelewa imeumia kidogo. Mkiongea haraka mnampotea. Mkisema jambo moja moja, anafahamu."

"Kwa hiyo, tulipokuwa tukiongea mbele yake..."

"Masikio yake yana ubaya gani?" akaniuliza.

Nikamuuliza kuhusu wimbo. Alisema wengi waliopoteza maneno huweza kuimba, inaonekana nyimbo zinapitia njia nyingine, na hata madaktari wakubwa hawajamaliza kuelewa njia hiyo. Nikamuuliza kwa nini "bado". Akauliza, "Aliwahi kuwa wapi neno hilo likiwa neno la kila siku?" Nikakumbuka pareto. Nyapara alikuwa akitia mkono katika kikapu cha mwanamke, na kama hakijajaa anasema "bado", na mwanamke anarudi mstarini. Misimu mitatu. Daktari akasema huenda ni hilo, huenda si hilo. Wakati mwingine linabaki neno moja na hakuna anayejua kwa nini ni lile. Nilimheshimu kwa kusema hajui. Hajui yake ilikuwa tofauti na sijui yangu.

Kisha akanifanyia jambo. "Bwana Nyakundi, tangu tuanze kuongea, kuna mtu ameingia chumba hiki?"

"Hapana."

"Ameingia," ukasema wewe. "Yule mama wa kofia nyeupe. Amechukua karatasi hapo. Amenigusa nywele."

Daktari akacheka. "Alipita mbele yako kabisa. Macho yako yalimpokea. Lakini ulikuwa umenikazia mimi macho mdomoni, na kichwa hakiwezi kushika yote. Kinachagua. Mama yako hana upande mmoja kwa sababu ya ugonjwa. Sisi wazima tunakosa pande nyingi kwa kuchagua, tena hatujui kwamba tumechagua."

Hakujua chochote kuhusu mama yako wala Mogaka. Alikuwa akifundisha somo lake tu. Nilitoka nje nikaketi kwenye nyasi.

Wiki saba mkono wa mama yangu ulikuwa ukiniambia mlete Kerubo. Nilikuwa nimekaza macho mdomoni.

Nikaenda Nyacheki. Gari hadi Kisii, kisha lori la ndizi, kisha miguu, na mvua ya upande ule unaijua. Babu yako, baba wa mama yako, hakunikaribisha ndani. Alinipa kigoda chini ya upenu, akawaita wanawe wanne, akamwita mama yako asimame pale asikie, akaniambia, "Sema."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Mshipa, presha, upande wa kushoto. Nikaanza na hayo. Babu yako akaninyamazisha kwa mkono. "Hiyo ni habari ya mama yako. Nimekuuliza habari yako."

Nikasema, "Nilikosea. Mke wangu aliniuliza kama ninaamini alimdhuru mama, nikasema sijui, na nilijua. Nilijua kwamba hawezi. Nilimwacha aondoke peke yake na nikamzuilia mtoto."

Mmoja wa shemeji zangu akauliza ni nani alianzisha maneno yale. Nikasema, "Niliyepaswa kuyakataa ni mimi."

Ndipo mama yako akaongea. "Baba Moraa, nikuulize tena swali moja. Daktari asingekueleza, ungekuja?"

Nimekuwa na miaka kumi na moja ya kulifikiria swali hilo, na jibu langu sasa ni hili: sijui kama ningekuja, na safari hii neno hilo nalitumia kwa haki. Siku ile sikumjibu. Akaingia ndani. Nikarudi peke yangu.

Alikuja baada ya wiki tatu, bila kutumiwa mtu, na mtoto mgongoni na kikapu cha viazi vitamu kichwani. Alinipita uani. Akaniambia, "Nimerudi kwa ajili ya mama," akaingia moja kwa moja kwa nyanya yako, na kwa kuwa nilikuwa sijamweleza mengi aliketi upande wa kulia. Wewe ukamshika mkono ukamzungusha upande wa pili. Nyanya yako alipomwona hakusema hata lile neno lake. Aliichukua leso mapajani akamrudishia. Niliwaacha.

Aliishi miaka mingine minne. Maneno machache yalirudi, kama kuku wanaorudi mmoja mmoja jioni: maji, moto, Moraa, Kerubo. Jina langu halikurudi kabisa. Uliendelea kumzungushia sahani mpaka ukaenda bweni. Shule ulianza Januari iliyofuata, na yeye ndiye aliyekusukuma mgongoni utoke mlangoni. Siku moja Mogaka alikuja na mbuzi, akamfunga kwenye nguzo ya lango, akaondoka bila kuingia. Mama yako alimpokea mbuzi. Kumpokea Mogaka mwenyewe kulimchukua muda mrefu zaidi, na sikumharakisha, sikuwa na haki hiyo.

Sasa unakwenda kuwa yule mama wa kofia nyeupe anayepita bila kuonekana. Watakuletea wagonjwa wasio na maneno, na watu wa nyumbani kwao wakiwa wamekwisha kufunga shanga zao. Utajua majina ya mishipa yote, mimi sitajua. Sina la kukufundisha huko. Ulilijua kabla ya daktari, ukiwa na miaka sita, kwa sababu ulicheza naye mawe wakati mimi nilikuwa nikingoja. Ila watu husahau walichojua utotoni wakipewa cheo. Mimi nilikijua kitu kimoja, kwamba mama yako ni mtu mwema, nikakiacha pale kwa sababu kaka yangu alikuwa na sauti kubwa. Ukikuta siku moja unajua jambo na kinywa chako kinataka kusema hujui, ujue umemrithi baba yako, na ngoja kidogo kabla ya kusema.

Nasikia ng'ombe wanalia, saa ya kukamua imefika. Bahasha sijaifunga. Nitampa mama yako aisome kwanza. Mahali nilipojipendelea, asahihishe kwa kalamu yake.

Mimi baba yako,
Nyakundi

*

Moraa,

Nimesoma yote. Unajua mwandiko wangu, vumilia.

Ni kweli alivyoandika. Kitu kimoja si kweli na si kosa lake, mimi ndiye nilimwambia hivyo. Sikurudi kwa ajili ya nyanya yako peke yake. Siku ile kwa baba yangu, ndugu zangu walitaka baba yako amtaje Mogaka. Wangemsamehe hapo hapo kama angemtaja. Hakumtaja. Alikaa pale na mvua inamdondokea akaibeba yote. Nilimtazama kupitia dirisha alipokuwa akirudi mpaka akapotea kwenye kona, ndipo nikajua nitarudi. Wiki tatu nilizikaa ni za hasira, nilikuwa na haki nazo.

Hajawahi kuniuliza nami sijawahi kumwambia. Bahasha nimeifunga mimi, kwa hiyo haya hajayasoma. Usimwandikie kuhusu hili.

Nitamwambia mwenyewe kesho, tukirudi kutoka kukusindikiza.

Mama